Magamba Kwenye Chekeche

Jumatatu, 8 Septemba

Nimewasha tanuri asubuhi kama kawaida. Bana, kile kichomeo cha mafuta, imeshika moto mara ya kwanza. Bomba la chuma lililo ndani yake limezunguka polepole, bila kelele. Joto lilipofika mahali pake tukaanza kumwaga madini yetu ya vemikulaiti, nayo yakafura vizuri, mepesi, rangi ya dhahabu. Wapanda miche wa huku Kiboko wanayangoja kabla ya mvua. Wanayachanganya na udongo wa vitalu.

Halafu Nduku akaniita. Yeye ndiye husimama kwenye chekeche, pale madini yanapoangukia yakitoka ndani ya bomba. Alikuwa ameweka magamba meusi kiganjani. Membamba kama maganda ya kitunguu. Nikayavunja kwa kidole.

Hayo si madini. Hicho ni chuma.

Bomba hili ni jipya. Limefungwa juzi juzi tu, mwezi wa nane. Mimi ndiye nilichagua chuma chake. La kwanza lilikuwa stenlesi ya 304, ile ya masufuria na sinki, na mwezi wa tano lililegea katikati likapasuka. Madini ya moto yakamwagikia Kioko, mfanyakazi mwenzetu, miguuni. Mpaka leo anatembea na fimbo. Ndipo nikasema safari hii hatutaki mchezo, tunaweka 310, ile yenye kromu na nikeli nyingi, iliyotengenezewa moto mkali.

310 haiwezi kutoa magamba hivi. Si upesi hivi.

Jumatano, 10 Septemba

Magamba yameongezeka. Nduku anayaokota na kuyaweka kando. Ananiangalia tu.

Nimefikiria siku nzima. Chuma kilinunuliwa Nairobi na Musyoka, fundi wa kuchomelea kutoka Tulia, kule Kitui, mume wa marehemu dada yangu. Alienda peke yake. Alirudi na bamba zikiwa kwenye pikapu, akazikata, akazikunja, akazichomelea hukohuko kwake. Nilipofika kuliona bomba lilikuwa tayari. Nilimuuliza muhuri wa kiwanda uko wapi, ule unaoandikwa kwenye bamba. Akasema ulikuwa kwenye kipande alichokata akatupa.

Wakati ule sikuona neno. Leo naona.

304 na 310 kwa macho ni kitu kimoja. Zote zinang'aa. Sumaku haizitofautishi. Ukitaka kumwibia mtu, hapo ndipo mahali pazuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwambia bosi wetu, Mutua, habari ya magamba na shaka yangu juu ya Musyoka. Hakushtuka. Alikuwa anakunywa chai, akaendelea kunywa.

"Huyo Musyoka si ni shemeji yako?" akasema. "Si wewe ulimleta?"

Nikamwambia tuzime, tufungue, tuangalie. Akasema oda ya miche kwanza. Mvua haingoji mtu. Tutaangalia baadaye.

Nimetoka pale nikiwa na hasira, lakini neno lake limeniingia. Kweli nilimleta mimi. Nilimtetea mbele ya mafundi wengine. Nilisema huyu namjua.

Namjua kweli?

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nimekaa tu. Mchungaji amehubiri, nimesikia mwanzo na mwisho. Kiti cha Mutua mbele kilikuwa kitupu tena. Watu wanasema ana shughuli.

Baada ya ibada mama mmoja wa Kitui akanisalimia, akanipa habari za Tulia. Akasema shemeji yako anaendelea vizuri, ameezeka nyumba mabati mapya. Alinisimulia kama habari njema. Nikaitikia.

Mabati mapya baada ya kazi yetu. Sipendi ninavyowaza. Nawaza tu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeomba ruhusa, nimeenda Tulia.

Karakana yake ni ileile, banda la mabati nyuma ya soko, mageti yameegemezwa nje yakingoja rangi. Musyoka alikuwa amechuchumaa akichomelea jiko la shule. Aliponiona akazima mashine, akanawa mikono, akaita chai. Ndanu akaja kunisalimia, mtoto wa dada. Amekuwa mrefu. Ana macho ya mama yake, nikashindwa kumwangalia sana.

Sikujua nianzie wapi, nikaanza vibaya. Nikamwonyesha magamba.

Akayageuza mkononi. "Haya ni ya bomba letu?"

"Ni yake."

"Haiwezekani."

"Ndiyo nimekuja kuuliza, shemeji. Ile bamba ilikuwa 310 kweli?"

Chai ikaja, hakuigusa. Mwishowe akasema, "Umetoka Kiboko mpaka hapa kuniuliza kama mimi ni mwizi."

"Nauliza bamba."

"Bamba nilinunua mimi. Ukiuliza bamba, unaniuliza mimi."

Akaingia ndani ya banda, akaleta kipande kilichobaki. Nikakataa kile cha mkononi mwake. Nikaenda mwenyewe chini ya meza, kwenye vyuma chakavu, nikatafuta mpaka nikapata kingine chenye ukingo wa mviringo, ukubwa wa bomba letu. Aliniangalia nikiinama kwenye vumbi lake. Ndanu pia aliniangalia.

Niliaga. Hakunisindikiza.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekata kipande cha Tulia mara mbili. Nimekata pia vipande viwili kutoka bomba la zamani, lile la 304 lililomchoma Kioko. Liko bado nyuma ya stoo.

Jozi moja, kimoja kipya na kimoja cha zamani, nimeifunga kwa waya ndani ya tanuri letu, karibu na mdomo wa bana. Jozi ya pili nimempelekea Mwalimu Wanjiru. Ni rafiki yangu, watu wao walitoka Murang'a wakakaa Makindu kabla hajazaliwa. Anafundisha ufundi wa vyuma katika chuo cha mji wa Wote, na huko wana tanuri dogo la umeme. Amekubali kuviweka humo kwa joto kama letu, kila siku, kuzima na kuwasha kama sisi.

Kama kipande cha Tulia ni 304, vyote vitatoa magamba sawasawa. Kama ni 310, kitabaki kizima na kile cha zamani kitachubuka. Jambo rahisi. Chuma hakiwezi kunidanganya.

Jumamosi, 20 Septemba

Nduku analalamika macho. Yanawasha, anasema, na kifua. Nikamwambia ni vumbi la kiangazi, ajifunge leso. Moshi wa bomba la juu umekuwa mweusi kidogo wiki hizi. Nilifikiri ni hewa ya bana, nikairekebisha. Haijabadilika.

Ndanu amenitumia ujumbe. "Anti, ulimwambia baba nini? Hali chakula vizuri siku hizi."

Sijamjibu.

Jumatatu, 22 Septemba

Bomba lina uvimbe. Upande wa bana, unaonekana likizunguka, kama shavu la mtu mwenye jino. Nimemwita Mutua aone. Akaangalia kwa mbali.

"Litafika mwisho wa mwezi?"

Nikamwambia sijui. Kisha nikamwambia hapana.

"Sasa ni hapana au hujui?"

Akaenda zake. Nimemsogeza Nduku nyuma kidogo, nimempa fimbo ndefu ya kukwangulia. Haisaidii sana. Chekeche iko palepale na lazima mtu asimame.

Jumatano, 24 Septemba

Nimetoa vipande kwenye tanuri letu.

Cha zamani kimechubuka, kama nilivyotarajia. Cha Tulia kimeoza. Hakuna neno lingine. Kimejaa vinundu vya kijivu kama nta iliyoyeyuka ikaganda, na ukingo wake unamong'onyoka kama biskuti. Kipande cha chuma bora kimekuwa kibaya kuliko cha chuma hafifu.

Basi si hata 304. Ni takataka gani aliyotuletea? Nimekaa kwenye benchi na kile kipande mkononi. Nilimfikiria Kioko. Nilimfikiria Nduku na watoto wake. Nilimfikiria dada yangu, jinsi alivyokuwa anasema mume wangu hana mambo mengi.

Nimemwandikia Musyoka meseji kwenye simu. Nimemwandikia kwamba ametuuzia uchafu, kwamba mtu akiungua tena damu ni yake, kwamba namshukuru Mungu dada hakuona. Nimesoma mara moja. Nimeituma.

Ameisoma.

Ijumaa, 26 Septemba

Wote. Nimetoka chuoni kwa Wanjiru sasa hivi.

Wanjiru aliweka vipande vyake viwili juu ya karatasi. Cha zamani kimebambuka tabaka. Cha Tulia ni kizima. Kimepata ngozi nyembamba nyeusi, basi. Nimekikwangua kwa msumari na chini yake kinang'aa.

"Hiki ndicho chenyewe," akasema. "Aliyekununulia hakukudanganya."

Nikamwonyesha cha kwetu. Alikiangalia muda, akakisogeza puani, akakirudisha chini.

"Huko kwenu mnachoma nini?"

"Dizeli."

"Rudi ukaulize tena."

Akanieleza. Nikeli ndiyo inayoipa 310 nguvu kwenye moto safi. Lakini moto ukiwa na salfa, na hewa ikiwa haba, salfa inaitafuta nikeli hiyo hiyo. Vikikutana vinayeyuka kabla chuma chenyewe hakijalainika. Kwa hiyo chuma chenye nikeli nyingi ndicho kinaliwa kwanza. 304 ina nikeli kidogo, ikaumia kidogo. Niliposoma vitabu nilisoma joto. Moto wenyewe una nini ndani, sikuuliza. Nilijua ni dizeli. Kila mtu alijua ni dizeli.

Nimempigia Musyoka simu nikiwa barabarani. Haikushikwa. Nimepiga tena. Imezimwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Tangi la mafuta lina kufuli mpya. Sikuwahi kuiona, kwa sababu sikuwahi kuitafuta. Ufunguo uko na Mutua.

Nimefungua nati ya paipu karibu na bana, nikakinga matone kwenye kopo. Meusi. Mazito. Yananuka tairi lililochomwa.

Nduku akanusa. "Hii ndiyo harufu nilikuambia," akasema.

Hakuwa ameniambia harufu. Alikuwa ameniambia macho na kifua, nami nikamwambia afunge leso. Sikubishana. Nimekaza nati. Mutua alikuwa ofisini dirishani. Sijui kama aliona.

Jumapili, 28 Septemba

Nimetoka kanisani wakati wa sadaka. Kiti cha Mutua kilikuwa kitupu tena, nikaenda moja kwa moja kiwandani.

Lori lilikuwa ndani ya ua wa kiwanda, limesimama kando ya tangi, ubavuni halina jina. Mutua alikuwa ameshika mpira wa mafuta mwenyewe, na shati lake la Jumapili. Mikono ilikuwa imepakaa mafuta. Tukaangaliana. Dereva akaendelea na kazi yake.

"Ibada imeisha?" Mutua akaniuliza.

"Bado."

Nikageuka nikaondoka. Ningeweza kusema mengi. Niliogopa sauti yangu.

Ndiyo maana mafuta huletwa Jumapili. Sisi wote tunakuwa tunaimba.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika nikiwa nyumbani, mchana. Kazi imesimama.

Asubuhi nilikataa kuwasha. Nilimwambia Mutua mbele ya Nduku kwamba mafuta yaliyo tangini yanakula bomba na bomba litapasuka. Akasema mimi ni mfanyakazi, si mwenye kiwanda. Akawasha mwenyewe. Anajua kuwasha, ndiye aliyejenga pale. Kisha akamwambia Nduku ashike nafasi yake.

Nduku akaniangalia. Ana watoto shule. Akaenda.

Nilisimama dakika chache nikiona ule uvimbe ukizunguka, unapanda, unashuka, unapanda. Halafu nikaona mstari mwekundu katikati yake, mwembamba kama uzi. Sikupiga kelele. Nilienda nikamshika Nduku mkono na kiunoni nikamvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiria. Tuliangukia magunia.

Bomba likafunguka. Halikulipuka, lilifunguka tu kama gunia lililokatwa mshono, na madini mekundu yakamwagika juu ya chekeche na pale chini, mahali miguu ya Nduku ilipokuwa. Viatu vyake, vilivyochomoka nilipomvuta, vikashika moto.

Mutua alizima bana. Alikosa swichi mara ya kwanza. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nduku akasema, "Mimi narudi nyumbani," na akaenda bila viatu.

Jumanne, 30 Septemba

Mutua amekuja kwangu asubuhi. Hajawahi kufika hapa. Nilimpa kiti nje.

Amesema mafuta ni ya mtu anayeyapata kwa kuchoma matairi upande wa Athi. Ameanza kuyanunua mwezi wa nane, wiki ile ile bomba jipya lilipofungwa. Amesema hakujua yanakula chuma. Alijua yananuka, alijua ningekataa, kwa hiyo akayaleta Jumapili.

"Nilipokuja kukuambia habari ya magamba," nikamuuliza, "hukufikiria hata kidogo?"

Akaangalia mikono yake.

"Nilifikiria," akasema. "Halafu ukasema ni Musyoka. Nikaona afadhali."

Hilo nimelirudia kichwani siku nzima. Mimi ndiye nilimpa mahali pa kujificha. Nilimwendea nikiwa tayari nimeshika jina la mtu mwingine.

Siamini kila alichosema. Nusu naamini. Amesema amemtembelea Nduku na amemwomba msamaha. Nimeenda kuhakikisha. Ni kweli. Nduku amesema atarudi tangi likishamwagwa, si kabla.

Alhamisi, 2 Oktoba

Tulia.

Ndanu alinifungulia geti, akaingia ndani bila kunisalimia. Musyoka alikuwa analainisha geti kwa tupa. Hakuinuka.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakapotea. Nikaweka vile vipande vitatu mbele yake, kile cha Wote na vile vya kwetu, nikamweleza mafuta, salfa, nikeli, lori la Jumapili. Alisikiliza. Alichukua kile kizima akakiangalia akiwa amefumba jicho moja, kama anayepima mstari.

"Kwa hiyo ni kizuri," akasema.

"Ni kizuri. Nilikukosea. Yale niliyoandika nilikosea yote."

"Ya bamba sina shida," akasema. "Mtu anaweza kukosea bamba. Lakini ulimwingiza marehemu mama Ndanu katika haya."

Nililia kidogo, akaniacha nilie. Hakunibembeleza. Baadaye akasema mabati ya nyumba ni ya chama cha kanisa, walimwezekea kwa zamu kama wanavyoezekeana wote. Sikuwa nimemuuliza. Alijua tu nilichowaza. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikamuuliza kama atatutengenezea lingine. Akasema atafikiria. Akarudi kwenye tupa yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Amekuja. Hakuniarifu mimi, alimpigia Mutua moja kwa moja. Tumekaa watatu ofisini.

Mutua akauliza kama kuna chuma kinachovumilia yale mafuta. Kipo. Nimemwambia ukweli: kuna stenlesi ya 446, kromu nyingi, nikeli karibu hakuna, salfa haina cha kushika. Macho yake yakang'aa. Musyoka akasema anaijua, amewahi kuichomelea. Ngumu. Ukiichomelea inakakamaa pembeni ya mshono, na ikizoea moto halafu ikapoa, inavunjika kama kigae. Kwa bomba linalozunguka na kupoa kila jioni, hapana.

"Na macho ya Nduku?" nikasema. "Na kifua? 446 itamsaidia nini?"

Mutua akaachana na 446.

Tumekubaliana. 310 tena, na dizeli safi. Musyoka akatoa sharti lake: kabla ya kufunga bomba atafungua tangi mwenyewe anuse, na ufunguo wa tangi hautakaa na Mutua. Utakaa na Nduku. Mutua akakubali haraka kidogo kuliko nilivyopenda. Nitamwangalia. Naona nitamwangalia mpaka nistaafu.

Musyoka hakuniaga kipekee. Aliaga watu wote pamoja.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tangi limemwagwa, limesuguliwa, limeoshwa kwa dizeli. Nduku alisimama pale tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipopewa ufunguo akaufunga kwenye kona ya leso.

Musyoka amenitumia picha. Bamba mpya chini, dukani Nairobi, kalamu yake ikielekeza muhuri wa kiwanda. Hakuandika neno lolote. Nimeangalia ile picha sana. Sijui ni ujumbe wa amani au wa kunichoma. Huenda ni vyote.

Jumamosi, 25 Oktoba

Bomba limefungwa jana. Leo tumewasha. Moto ni wa bluu, moshi hauonekani. Nduku alikinga madini ya kwanza kwa chekeche, akayatandaza kwa mkono wa glavu, akatafuta magamba meusi. Hakuna. Akaendelea kutafuta hata hivyo.

Mchana Musyoka alikubali kula kwangu. Nilipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na kunde. Tuliongea habari za mvua, kwamba Kitui imeanza kunyesha, huku bado mawingu tu. Tuliongea shule ya Ndanu. Alikula akamaliza, akaomba maji ya kunawa.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mkoba wake wa vyuma alibeba mwenyewe. Tulisimama tukingoja gari, malori ya Mombasa yakipita.

"Shemeji," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu mwezi wa tisa. "Siku nyingine ukiwa na wasiwasi, uniulize vizuri. Nitakujibu."

Nikasema nitauliza.

Gari likaja. Akapanda mbele, akafunga mlango, akainua mkono kidogo dirishani.

Nimerudi nimeosha vyombo. Jioni upepo umebadilika, unatoka upande wa Kitui, na una baridi.